Chati ya alama za uakifishaji: ya kuangalia kabla hujaitundika darasani

Ingia duka lolote la vifaa vya shule, Dar es Salaam au Nairobi, Mombasa au Arusha, utaikuta imeviringwa pembeni pamoja na chati ya viungo vya mwili na ramani ya Afrika. Karatasi kubwa ya rangi, imefunikwa plastiki, juu imeandikwa ALAMA ZA UAKIFISHAJI. Chini yake kuna visanduku 12 hadi 14, na kila kisanduku kina alama, jina lake, maelezo ya kazi yake na mfano mmoja. Wachapaji ni wengi na mapambo hutofautiana, ila mpangilio ni huohuo na makosa yanafanana mno. Ndiyo maana tunaikagua chati yenyewe kama aina ya bidhaa, bila kumtaja mchapaji.

Tuseme mapema: inunue, lakini jua unanunua nini. Chati inafundisha majina ya alama, na kwa kazi hiyo inatosha. Kuakifisha, yaani kuweka alama hizo mahali pake, haifundishi. Mwalimu anayeitundika na kuiachia kazi atapata darasa linalotaja kiulizi kwa sauti moja, kisha linaandika insha ya ukurasa mzima isiyo na kiulizi hata kimoja. Sababu nyingi za tatizo hilo zimo ndani ya chati yenyewe, na nyingine zinarekebishika kwa makapeni na vipande vya stika.

Anza na ukubwa. Nyingi ni za A2, yaani milimita 420 kwa 594. Gawanya eneo hilo kwa visanduku 14, toa nafasi ya kichwa, mapambo, majina na maelezo, na kila alama inabaki na sehemu ndogo kuliko kiganja. Sasa fikiria nukta na mkato. Hizi ndizo alama ndogo kuliko zote, na ndizo zinazotumika kuliko zote. Katika herufi za urefu wa sentimita 2, nukta ina upana wa milimita 3 hivi, na mkato unaizidi kwa kimkia tu. Mtoto wa dawati la nyuma, mita 6 au 7 kutoka ukutani, anaona vidoa viwili vinavyofanana. Anaambiwa hiki ni nukta na hiki ni mkato, anaitikia, na hajaona tofauti. Kabla ya kulipa, mwombe muuza duka ashikilie chati, wewe rudi nyuma hatua 8 au 9. Usipotofautisha nukta na mkato kutoka hapo, iache. Tafuta ya A1 (milimita 594 kwa 841), au ile ambayo alama imechorwa peke yake kwa ukubwa wa sentimita 8 au zaidi, na mfano umeandikwa kando kwa herufi za kawaida.

Jambo la pili ambalo wanunuzi wengi hawalitazami ni mistari. Alama si umbo tu, ni mahali pia. Nukta inakaa juu ya mstari. Mkato unaanzia mstarini na kushuka chini yake. Ritifaa (') na alama za usemi (" ") zinaning'inia juu, usawa wa kichwa cha herufi ndefu kama t na k. Umbo la mkato na la ritifaa ni moja, kinachozitofautisha ni urefu wa mahali zilipo. Chati inayochora alama ikielea katikati ya kisanduku cheupe imeficha nusu ya somo, na matokeo yake yamejaa kwenye madaftari: ng,ombe badala ya ng'ombe, na alama za usemi zilizolala chini kama mikato miwili. Chati nzuri huchora alama juu ya mistari ileile ya daftari la mwandiko. Kama yako haina, chukua rula na makapeni nyembamba, piga mstari chini ya kila alama mahali unapostahili kupita. Kazi ya dakika 10, na inaleta faida kuliko mapambo yote ya pembeni.

Plastiki nayo ina mambo. Itazame ukingoni: inapaswa kuizidi karatasi kwa milimita 3 hadi 5 pande zote nne, na tabaka mbili ziwe zimeshikana. Zile zilizokatwa sawasawa na karatasi huacha ukingo wazi, na katika miji ya pwani unyevu huingia hapo. Karatasi inafura, plastiki inaachia, na baada ya msimu mmoja wa masika chati imejikunja kama gome. Plastiki ya kung'aa hurudisha mwanga, kwa hiyo usiitundike ukuta unaotazamana na madirisha, maana upande mmoja wa darasa utaona mng'ao mweupe. Wala usiiweke pajuani. Wekundu na njano hupauka kwanza, na wachapaji wanapenda sana kuchapa alama zenyewe kwa rangi nyekundu. Ukiwa na hiari, chagua yenye alama nyeusi juu ya nyeupe.

Tuje kwenye maudhui, ambako ndiko kwenye uzito.

Chati nyingi zimetafsiriwa kutoka chati za Kiingereza, na aliyetafsiri hakujiuliza kama Kiswahili kinahitaji jambo hilo. Dalili ya wazi iko kwenye kisanduku cha ritifaa. Ukikuta maelezo kwamba ritifaa "huonyesha umiliki", umeshikwa. Kiswahili huonyesha umiliki kwa kiunganishi -a: kitabu cha Asha, wembe wa Juma. Ritifaa haihusiki kabisa. Kazi zake kwetu ni mbili. Ya kwanza ni kutenganisha sauti ya ng' na ng: ng'ombe si sawa na ngoma, na ng'ara (toa mwanga) si Ngara, ile wilaya ya mkoa wa Kagera. Ya pili ni kuonyesha sauti iliyodondoshwa, hasa katika ushairi na mazungumzo: n'takuja kwa nitakuja, n'meona kwa nimeona. Kata kipande cha stika nyeupe, funika maelezo ya umiliki, andika jozi hizo.

Kiulizi kinapewa mstari mmoja: "hutumika mwishoni mwa swali". Ni kweli, lakini kwa Kiswahili hapo kuna jambo kubwa limepitwa. Mwingereza akiuliza swali la ndiyo au hapana hugeuza mpangilio wa maneno. Hata ukisahau kiulizi chake, msomaji anajua ameulizwa. Sisi hatugeuzi kitu. Tazama:

Mama ameondoka.
Mama ameondoka?
Mama ameondoka!

Maneno mawili yaleyale, kwa mpangilio uleule. La kwanza ni habari, la pili ni swali, la tatu huenda ni kilio au furaha. Katika mazungumzo tunategemea sauti: inashuka, inapanda, inaruka. Kwenye karatasi sauti haipo, alama ndiyo sauti. Chati yoyote ya Kiswahili ilipaswa kuziweka sentensi hizi tatu pamoja, nukta, kiulizi na mshangao zikiwa jirani. Badala yake kila alama inafungiwa kisanduku chake na sentensi yake, na mtoto hapati nafasi ya kuona kwamba alama inabadili maana. Andika sentensi hizo tatu kwenye ukanda wa manila, ubandike chini kabisa ya chati. Darasa lizisome pamoja kila asubuhi kwa wiki moja, zikitamkwa kwa sauti tatu tofauti.

Kosa linalofuatana na kiulizi ni hili: mtoto akiona neno "aliuliza" anaweka kiulizi. "Mwalimu aliuliza kama Juma amekuja?" Hapo hapaulizwi kitu, panaelezwa kwamba swali liliulizwa, kwa hiyo inatosha nukta. Chati hazilisemi hili. Hazisemi pia kwamba "Je" ya mwanzo hufuatwa na mkato (Je, umekula?), wala kwamba kiulizi kimoja kinatosha. Watoto wanaosoma ujumbe wa simu wamezoea kuona viulizi vitatu na mishangao minne. Waambieni waziwazi kwamba katika insha ni kimoja.

Sasa mkato, au koma, au kipumuo kama wanavyoita walimu wengi wa Kenya. Hapa chati inadhuru. Maelezo ya kawaida ni kwamba mkato "huonyesha pumziko fupi". Mtoto wa darasa la 4 analishika hilo neno kwa neno: anaandika mpaka pumzi inapokata, anaweka mkato. Matokeo ni sentensi kama "Watoto wote wa shule yetu, wanapenda kucheza mpira." Kiima kirefu kimemchosha, akapumzika kabla ya kitenzi. Mkato huo ni kosa, kwa sababu umemtenga mtenda na tendo lake, na ni mojawapo ya makosa yanayojirudia sana katika insha za shule za msingi. Mwalimu anasahihisha, mtoto haelewi, kwa sababu amefuata alichosoma ukutani.

Futa "pumziko fupi". Weka kazi tatu ambazo mtoto anaweza kuzikagua kwa macho.

Ya kwanza, orodha: Tulinunua sukari, chumvi, mafuta na unga. Kabla ya "na" ya mwisho, mkato hauhitajiki.

Ya pili, kuita. Unapomwita mtu, jina lake hutengwa na maneno mengine. Hapa Kiswahili kina mfano mzuri sana, kwa sababu kwetu mzazi huitwa kwa jina la mwanawe:

Baba Juma amekuja.
Baba, Juma amekuja.

Ya juu: mzazi wa Juma amefika. Ya chini: mtu anamwambia baba yake kwamba Juma amefika. Mkato mmoja umebadilisha nani yuko mlangoni. Hakuna mtoto wa Kiswahili asiyeelewa mfano huu papo hapo, maana nyumbani kwake kuna Mama fulani na Baba fulani. Inashangaza kwamba chati haziutumii, zinabaki na "Ali, njoo hapa" ambayo hata bila mkato ingeeleweka.

Ya tatu, kishazi tegemezi (sehemu ya sentensi isiyojitosheleza kimaana) kikitangulia: Mvua ikinyesha, hatutacheza. Alipofika, tulianza kula. Geuza, na mkato unaondoka: Hatutacheza mvua ikinyesha. Tulianza kula alipofika. Zoezi la kugeuza sentensi 6 za namna hii kwa siku, siku 5 mfululizo, huwaingia watoto kuliko maelezo ya saa nzima.

Kuna matumizi ya nne ambayo hayamo kwenye chati nyingi za aina hii na yanawachanganya watoto wa darasa la 5 na kuendelea: mkato wa shairi. Katika shairi la vipande viwili, kila mshororo hukatwa katikati, aghalabu mizani (yaani silabi) 8 na 8, na pale katikati huwekwa mkato:

Mkato huu tazama, hapo kati pumzika

Mkato huu unaonyesha ukwapi (kipande cha kwanza) umeisha na utao (kipande cha pili) umeanza, pale kilipo kina cha kati. Sarufi ya sentensi haiangaliwi. Mshairi anaweza kuuweka katikati ya kiima na kitenzi na asiwe amekosea. Mtoto aliyezoea mashairi ya madrasa au ya mashindano ya shule huhamishia tabia hiyo kwenye insha. Mwambie mapema: mkato wa shairi ni wa mizani, mkato wa insha ni wa maana. Kwa hili pekee, "pumziko" ni neno sahihi.

Kisanduku cha alama za usemi (wengine husema alama za mtajo au za kunukuu) huwa na muundo mmoja tu: Mama alisema, "Njooni mle." Muundo wa pili na wa tatu havipo, na ndivyo vinavyowaangusha watoto. "Njooni mle," mama alisema. Na: "Njooni," mama alisema, "mle chakula." Katika huu wa tatu, neno "mle" linaanza kwa herufi ndogo kwa sababu sentensi ya mama haijaisha, imekatizwa tu. Alama za kufungua zina umbo la 66 na za kufunga 99. Kwa mwandiko wa mkono watoto huchora zote za aina moja, na hilo lisiwe sababu ya kukata maksi darasa la 4. La kukatia ni kuweka alama za usemi kwenye usemi wa taarifa: Mama alisema "kwamba twende tukale". Kanuni ya kuwapa ni fupi. Ukiona "kwamba" au "kuwa" baada ya alisema, alama za usemi hazina kazi.

Visanduku vingine tuvipitie haraka. Koloni: chati hutoa mfano wa orodha na kusahau saa (saa 2:30 asubuhi), ambao watoto huuona kila siku. Mkwaju: tarehe ni mfano mzuri, 9/12/1961 au 12/12/1963 kutegemea uko upande gani wa mpaka, na wakati huohuo wamejifunza siku ya uhuru. Nukta ya vifupisho: S.L.P. na n.k.; kumbusha kwamba n.k. ikimaliza sentensi haiongezewi nukta ya pili. Shule za Kongo na Burundi ziangalie kisanduku cha nukta kwa makini, kwa sababu hesabu zao zinafuata desturi ya Kifaransa ya kutumia mkato kwenye desimali, na chati iliyochapwa Nairobi itaonyesha 3.5 badala ya 3,5. Nusukoloni (;) na vidukuduku (...) ni vya madarasa ya juu. Vifunikeni kabisa mpaka darasa la 6.

Kistari kinastahili neno zaidi. Chati husema hutumika kukata neno mwishoni mwa mstari, kisha haisemi likatwe wapi. Silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia na irabu, kwa hiyo kistari huja baada ya irabu: wana-funzi, si wan-afunzi. Sha-ngazi au shanga-zi, si shan-gazi, kwa kuwa ng ni mali ya silabi inayofuata. Ng', ny, sh, ch, th, dh na gh havitenganishwi kamwe. Maneno haya machache yangetosha kwenye kisanduku kile, lakini nafasi imeliwa na picha ya kipepeo.

Kuhusu majina. Nukta huitwa pia kitone au kikomo. Koloni ni nuktapacha au nukta mbili. Mabano ni parandesi. Kiulizi ni alama ya kuuliza. Mshangao ni alama ya hisi. Yote ni Kiswahili, hakuna la kufuta. Shida huja mtoto anapofundishwa jina moja ukutani na kukutana na jingine kwenye mtihani. Chukua kitabu cha kiada cha darasa lako, andika jina kinalotumia kwa makapeni kubwa juu ya kila kisanduku, na majina mengine chini yake kwa herufi ndogo. Plastiki inapokea makapeni ya kudumu vizuri. Ukikosea, pamba yenye spiriti huifuta bila kuacha alama, ila ujaribu pembeni kwanza.

Jinsi ya kuitumia baada ya marekebisho hayo. Usiitundike yote wazi. Kata vipande vya manila vinavyolingana na visanduku, funika vyote, kisha fungua kimoja kimoja. Mpangilio uliozaa matunda kwa darasa la 3: wiki 2 za nukta na herufi kubwa pamoja (hazitenganishwi, moja inafunga na nyingine inafungua), wiki 1 ya kiulizi, wiki 1 ya mshangao, wiki 3 za mkato kwa zile kazi tatu, wiki moja kwa kila kazi. Alama za usemi ziachwe hadi darasa la 4, zipewe wiki 3. Katika kila wiki sahihisha alama ya wiki hiyo na zilizotangulia tu. Daftari lililojaa wino mwekundu kwa alama ambazo hazijafundishwa humfanya mtoto aandike sentensi fupifupi ili asikosee, na hapo insha yenyewe imekufa.

Lakini kazi ya kweli hufanywa na kadi, na kadi haziuzwi pamoja na chati. Tengeneza. Karatasi moja ya manila ya A1 ikikunjwa mara mbili kila upande hutoa kadi 16 za ukubwa wa A5. Zigawe hivi: nukta 1, mkato 2, kiulizi 1, mshangao 1, alama za kufungua usemi 2 na za kufunga 2, hizo ni 9. Zilizobaki 7 ni maneno: asha, juma, mama, baba, alisema, amekuja, kwamba. Kila neno liandikwe kwa herufi ndogo upande wa mbele, na kwa herufi kubwa ya kwanza upande wa nyuma. Herufi ziwe na urefu wa sentimita 6 au zaidi, na alama ichorwe juu ya mstari ili mahali pake paonekane.

Watoto wanasimama mbele, kila mmoja na neno lake, kisha wenye alama wanajipenyeza kati yao. Anza na maneno matatu: mama na Asha na amekuja. Mwenye mkato akisimama kati ya mama na Asha, darasa linasema nani amekuja. Akiondoka, linasema tena. Asha, kwa kuwa ni jina la mtu, anabaki amegeuzia upande wa herufi kubwa hata akiwa katikati ya sentensi, na hapo somo la nomino za pekee limeingia lenyewe.

Wakishazoea, wape hii: Asha alisema Juma amekuja. Maneno manne, yasihamishwe. Kundi la kwanza litaweka: Asha alisema, "Juma amekuja." Aliyekuja ni Juma. Kisha waulize kama kuna namna ya kumfanya Juma awe ndiye msemaji bila kugusa maneno. Ipo: "Asha," alisema Juma, "amekuja." Alama zote nne za usemi zimetumika, mikato miwili na nukta, na habari imegeuka kabisa. Mtoto mwerevu anaweza kuuliza: je, si huenda Juma anamwita Asha na kumwambia kuna mtu amekuja? Ana haki. Maandishi yaleyale yanabeba maana hiyo pia, na sentensi inayotangulia ndiyo inayoamua. Usimkatize. Swali hilo linaonyesha ameanza kusoma alama kama sehemu ya maana.

Kinachoharibika kwenye zoezi hili ni muda. Darasa la watoto 50 likiwa na seti moja ya kadi, wengi wanabaki kutazama. Tengeneza seti ndogo kwa kila kundi la watoto 5 au 6, kadi za ukubwa wa A7 za kupanga mezani. Karatasi ya A1 moja hutoa 64, yaani seti 4. Kwa darasa la watoto 50 unahitaji karatasi 3 hivi. Zifungwe kwa mpira kwenye bahasha, idadi 16 iandikwe juu, zihesabiwe kabla ya kengele. Kadi za nukta ndizo hupotea kwanza. Kuwa na za akiba.

Chati inaporudishwa stoo wakati wa likizo, iviringe maandishi yakiwa nje. Ikiviringwa maandishi ndani, ikitundikwa tena kingo hujikunja kuelekea darasani na kufunika visanduku vya chini. Ikiwa maandishi yalikuwa nje, kingo hulala kuelekea ukutani.

Kipimo cha mwisho ni imla. Ijumaa, geuza chati ikabili ukuta. Soma kifungu cha maneno 40 hivi chenye nukta 4, mikato 4 na viulizi 2, kwa sauti ya kawaida, bila kutaja alama na bila kuvuta pumziko kusudi. Wabadilishane madaftari, wahesabu alama ngapi kati ya 10 zimekaa mahali pake. Wiki inayofuata soma kifungu kingine cha idadi hiyohiyo, chati ikiwa wazi. Darasa likipata matokeo yaleyale chati ikiwa imegeuzwa na ikiwa wazi, kwa mizunguko 3 mfululizo, ishushe, uipeleke darasa linalofuata.